Ukitaka Kutweka Tanga Pwani, Angalia Mwezi Kwanza

Haya ni yale niliongea Jumamosi jioni huku Lang'ata, mbele ya watu kama arobaini wa Nairobi, wengine wana boti zao, wengine wanakodi, wengine hawajawahi shika usukani hata siku moja. Nimeyaandika venye niliyasema, nimetoa tu mahali nilijirudia.

Habari zenu jamani. Asanteni sana kwa kuja na hii mvua na hiyo jam ya Lang'ata Road, najua kuna mtu ametoka Ruaka na amekaa kwa gari masaa mawili, kwa hivyo sitawaweka sana.

Niliomba tukutane huku juu ya kitu kimoja. Hapo chini kuna Nairobi Dam. Waliokuwa vijana zamani wanakumbuka watu walikuwa wanatweka matanga hapo, wikendi unaona vitanga vyeupe kwa maji kabisa, alafu maji machafu yakazidi, magugumaji yakafunika, na siku hizi mtu akipita haraka anaweza dhani ni shamba. Mimi kila nikipita hapo roho inaniuma. Kwa hivyo mtu wa Nairobi akitaka maji ana njia mbili, aende Naivasha ama ashuke Pwani. Naivasha ni kilomita 90 hivi, ni pazuri sana pa kujifunzia, upepo unaamka mchana, ziwa halijai na kupwa kila siku kama bahari, cha kuchunga sana ni viboko. Mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia Naivasha bila kufikiria mara mbili.

Lakini leo nimekuja kuongea Pwani. Na nataka niwaambie kitu kimoja tu ambacho kilinichukua miaka mingi kukielewa: sisi watu wa Nairobi tunapanga safari ya bahari kwa kalenda ya kazi. Tunaangalia likizo iko lini, shule zinafunga lini, tiketi ya treni inapatikana lini, tunalipa, tunashuka. Alafu tukifika tunaanza kumuuliza nahodha, mzee tunaweza enda wapi leo? Yaani tumeanza na mwisho. Unafaa uulize mwezi uko wapi na upepo gani unavuma, ndio uchague mahali, ndio uombe likizo.

Ngoja nieleze polepole juu hapa ndio kila kitu kiko.

Pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja hivi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mchanga ama ukiwa mpevu ndio kunakuwa na bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana, pale Mombasa tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Hiyo wengi mnaijua. Ile wengi hawajui ni kwamba kwetu bamvua ina saa zake. Siku za bamvua maji yanajaa kama saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na yanakuwa chini kabisa kama saa nne, saa tano asubuhi. Yaani ile saa umeshakunywa chai, umepaka mafuta ya jua, umebeba watoto na kikapu, uko tayari kupanda boti, ndio bahari imeondoka, umeachiwa mchanga na mwani na mashua zimelala ubavu.

Sasa angalieni likizo zetu. Idd ul-Fitri ni siku ya kwanza ya mwezi wa Kiislamu, mwezi ndio umeandama, kwa hivyo kila mwaka Idd hiyo inaangukia bamvua. Pasaka nayo inahesabiwa kwa mwezi mpevu, ni ile Jumapili inayofuata mpevu, kwa hivyo mara nyingi wikendi ya Pasaka ni bamvua ama bamvua imepita juzi tu, na kipindi hicho cha Machi na Aprili bamvua ndio zinakuwa kubwa zaidi. Idd ul-Adha ni tofauti, hiyo ni siku ya kumi ya mwezi wa Kiislamu, maji mafu ndio yanaisha, na yanajaa karibu na adhuhuri. Sijui kama mnaona venye hii ni kitu kikubwa. Watu wa Pwani hawahitaji kuambiwa, wanajua leo ni mwezi ngapi bila kuangalia simu. Sisi huku tunasema maji yakijaa hupwa tukimaanisha mali ya mtu, wao wanasema hivyo na wanaangalia saa.

Nilijifunza hii vibaya. Tulikuwa Watamu, Jumatatu ya Pasaka, sisi watu wazima wanne na watoto watatu, tukaingia Mida Creek na mashua saa moja asubuhi. Maji yalikuwa yameshaanza kushuka na nahodha alituambia tukitaka kuingia tuingie lakini ni lisaa limoja, tuangalie mikoko, tuangalie ndege, turudi. Mida ni mahali unaweza kusahau jina lako. Maji yametulia, mikoko imekuzunguka, unaona membe na korongo na saa zingine heroe wakitembea kwa matope, watoto wakaona kaa, wakataka kushuka, mmoja akateleza akalia, tukambembeleza, mtu akasema picha moja ya mwisho. Mzee alikuja mara mbili. Mara ya pili akaniambia, "Mwanangu, maji yashatoka, haya si ya kungoja." Mimi nikamwambia dakika kumi tu mzee wangu. Nilimwambia mtu aliyezaliwa kwa hayo maji dakika kumi.

Saa tatu mashua ilikuwa imekaa kwa matope. Tulipwelewa. Mzee hakugomba, akatafuta miti akaiwekea mashua magadi, yaani nguzo za kuiegemeza, isianguke ubavu, akakaa kivulini akatulia, sisi tukaanza kuhesabu maji ya kunywa. Tulikuwa na chupa nne. Jua la Pwani la saa sita mnalijua. Maji yalirudi kuinua mashua saa nane mchana, watoto wamechoka, mmoja ana homa ya jua, na treni yetu inatoka Mombasa saa tisa na sisi tuko kilomita mia na kitu kutoka hapo. Tulirudi na basi la usiku. Hakuna mtu aliumia na namshukuru Mungu, lakini ile siku yote nilikuwa nawaza kwamba ningeangalia mwezi kabla ya kununua tiketi, tungekuja wiki iliyofuata, maji yangekuwa yanajaa katikati ya asubuhi na tungezunguka Mida bila kukimbizwa na mtu.

Haya, upepo. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inavuma kama Disemba mpaka Machi, kusi, ule wa kutoka kusini, inaanza Aprili na inakuwa kali Juni, Julai, Agosti. Katikati kuna maleleji, upepo unabadilisha mawazo, bahari inalala. Kaskazi ni mpole zaidi, maji ya nje ya mwamba wa matumbawe yanatulia na kuwa safi. Kusi inapiga mawimbi mazito nje ya mwamba na mvua za masika zinakuja nayo mwanzoni. Kwa hivyo ukiniuliza wapi ni pazuri zaidi, lazima nikuulize mwezi gani wa mwaka.

Ukipata likizo Agosti, usilazimishe kutoka nje ya mwamba na boti ndogo. Nenda Kilifi. Mimi Kilifi ndio nyumbani kwangu kwa maji, naisema wazi. Ile hori, yaani mkono wa bahari, imekata ndani ya nchi, ina kina, imekingwa, upepo wa kusi unaingia umepunguzwa makali na unaendelea kuvuma siku nzima bila kukatika, kwa mtu anayejifunza tanga hiyo ni dhahabu. Ukiingia kutoka baharini unaona daraja juu, lilijengwa 1991, kabla ya hapo watu walivuka na feri, na juu ya jabali upande wa kusini kuna magofu ya Mnarani. Ukipita daraja maji yanafunguka, unafika pale panaitwa Bahari ya Wali, mikoko pande zote, unaweza tia nanga ukalala kwa boti na usisikie kitu. Utakuta yoti za wazungu wamezunguka nusu ya dunia wamekuja kupumzika hapo. Na ukienda wakati mwezi hauko, usiku wa giza kabisa, tia mkono kwa maji. Yanawaka. Kila kidole kinaacha moto wa bluu. Ni viumbe vidogo sana vya bahari vinavyong'aa vikiguswa, na mwezi mpevu ukiwa juu huoni kitu, kwa hivyo hata hapo tunarudi kwa mwezi. Nilimpeleka mama yangu, mtu wa Machakos, hajui kuogelea, alikaa ukingoni mwa boti anachora maji na kijiti lisaa lizima bila kusema neno.

Karibu na hapo upande wa kusini kuna Takaungu, hori ndogo na mji wa kale, pazuri kwa kayaki maji yakiwa juu. Mtwapa pia ni hori nzuri na iko karibu na Mombasa, mafundi wa boti wako, mafuta yapo, na mdomoni kuna magofu ya Jumba la Mtwana, lakini wikendi kuna kelele na maboti yanakimbia, mimi siendi sana.

Mombasa yenyewe nitasema kidogo. Kilindini ni ya meli, jina lenyewe linakuambia, penye kina, na ukiwa na boti ndogo kaa mbali na njia ya meli, meli kubwa haiwezi kukukwepa hata ikikuona. Lakini upande wa Mji wa Kale, jioni, ukipita chini ya Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, maji yanajaa, adhana ya magharibi inatoka pande zote, hiyo ni ya kufanya angalau mara moja.

Ukipata likizo Disemba mpaka Machi, hapo ndio ushuke kusini. Shimoni na Wasini. Watu wengi wanaenda kule kwa boti la kitalii, wanaona pomboo, wanakula kaa, wanarudi Diani. Si vibaya. Lakini kaa siku tatu. Wasini hakuna magari, ukiamka unasikia jogoo na watu wakisalimiana. Mlango kati ya Shimoni na Wasini una mkondo mkali maji yakibadilika, kwa hivyo mtu wa kayaki asivuke bila kuuliza wenyeji. Nje huko kuna hifadhi ya Kisite-Mpunguti, na maji yakitoka kuna fungu la mchanga linatokea katikati ya bahari, na hapa sasa bamvua ni rafiki yako, saa nne asubuhi ya bamvua ndio fungu limetoka lote na maji yako kiunoni juu ya matumbawe. Ile bamvua iliyonikamata Mida ndio hiyo hiyo ingenibariki Kisite. Msitie nanga juu ya matumbawe tafadhali, nawaomba sana, fungeni kwa maboya, nanga moja inavunja kitu ambacho kimechukua miaka na miaka kukua. Na lipeni ada ya hifadhi bila kunung'unika. Kule Malindi na Watamu hifadhi za bahari ziliwekwa tangu 1968 na ndio maana bado kuna samaki wa kuangalia.

Ukirudi kaskazini kidogo kutoka Shimoni kuna ghuba ya Funzi. Hiyo nimependa kuificha lakini wacha niseme. Mafungu ya mchanga, mikoko, mto Ramisi unaingia hapo na una mamba, kwa hivyo mtoto asioge mtoni. Gazi nayo ni ya mikoko, wanakijiji wanaitunza na wanalipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa, mradi wao unaitwa Mikoko Pamoja, nendeni muone na mpite ile njia ya mbao ya kina mama.

Sasa Lamu. Ningeweza ongea Lamu mpaka kesho.

Kutoka uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi unatua kisiwa cha Manda, na ukitoka kwa ndege unatembea hatua chache unaingia boti, hakuna kitu kingine kama hicho nchi hii. Mji wa kale uko kwa orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, lakini mimi naenda juu ya matanga. Huko jahazi na mashua bado ni kazi, sio mapambo. Nenda Matondoni uone mafundi wakichonga mbao, alafu muombe nahodha akufundishe, usikae tu kama abiria. Tanga la pembetatu si kama lile la dingi ya Naivasha. Foromali, ule mti unaofungiwa tanga, ni ndefu na nzito, ukitaka kugeuza upande lazima uipitishe upande wa pili wa mlingoti, mtu wa henza, kamba ya kupandishia tanga, awe tayari, mtu wa demani, kamba ya kuongozea tanga, awe tayari, na kama upepo ni mwingi mnatoa ubao nje upande wa joshi, kule upepo unatoka, na watu wanakaa juu yake ili chombo kisilale. Mara ya kwanza nilipewa demani nishike kwenye mlango wa Shela mikono ilichubuka na nilikuwa na furaha sijui nisemeje. Nahodha alikuwa anaimba.

Kuna Takwa, upande wa Manda. Mji ulioachwa karne ya 17, watu wake inasemekana walihamia Shela. Unafika kwa mfereji mwembamba ndani ya mikoko, na unaingia maji yakiwa juu tu. Ukichagua siku ya 11 mpaka 13 ya mwezi wa Kiislamu maji yanajaa adhuhuri ama alasiri mapema, unaingia bila haraka, unaona msikiti na kaburi la nguzo, unatoka kabla maji hayajakuacha. Vile vile mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, huo ndio njia ya ndani ya kwenda Pate na Kiwayu, mwembamba na hauna kina, manahodha wanaupanga kwa saa ya maji. Wakisema tunatoka saa tisa usiku, ni saa tisa usiku. Usiombe dakika kumi.

Kiwayu ni mbali, kwa tanga ni safari ya siku nzima ama mbili kutegemea upepo, unapita Pate, unapita Ndau. Wakati wa kusi mnaenda mkisukumwa na kurudi ndio kubisha, yaani kupambana na upepo, wakati wa kaskazi ni kinyume. Upande ule lazima uulizie hali ya usalama kwanza kwa wenyeji na kwa serikali, kila safari, usitumie habari ya mwaka jana. Na tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe Mei 2021 kuna meli kubwa ghuba ya Manda, kwa hivyo taa za usiku kwa chombo ni lazima.

Na mkiwa Lamu ulizieni Flipflopi. Ni dau la mita 9 limetengenezwa kwa plastiki iliyookotwa, limevikwa malapa ya rangi zote, na mapema 2019 lilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Mafundi ni hao hao wa Lamu, ufundi ni ule ule wa mababu.

Kabla sijakaa chini, vitu viwili. Kwanza jaketi za kuokoa maisha. Watu wa Nairobi tunaona aibu kuvaa kwa picha. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, ndani ya bandari, karibu na nchi kavu kabisa, watu zaidi ya 250 wakafa. Niko na rafiki alipoteza mjomba hapo. Kabla sijalipa nahesabu, hesabu na wewe, watu wangapi, jaketi ngapi, kama hazitoshi shukeni. Mtoto avae ya mtoto, ya mtu mzima inamvuka kichwani. Na uliza leseni ya chombo, mwenye kazi nzuri hakasiriki ukiuliza.

Pili, nahodha. Mlipe vizuri, mlipe siku ambayo upepo umekataa pia, juu yeye amekuja. Ukimlipa tu mkienda, unamfundisha kutoka na wewe hata bahari ikiwa mbaya.

Kuna mama hapo mbele ameniuliza kama mtu anaweza kuanza na miaka 58. Mama, mwezi ujao naenda Kilifi, tunatoka na treni Alhamisi, mwezi utakuwa nusu, maji yatakuwa yanajaa kama saa tano asubuhi, tutakuwa ndani ya hori tu. Nafasi ziko tatu, ya kwanza nimeandika jina lako. Wengine karatasi za majedwali ya maji ya mwaka mzima nimechapisha ziko pale kwa meza ya mlangoni, zichukueni, na ukifika nyumbani weka karibu na kalenda ya kazi uziangalie pamoja. Sasa nani alikuwa ameinua mkono huko nyuma?